Muulize Yaya: «Mwanangu si yatima, mi mama yake niko hapa»

Jambo kwenu wasomaji wote, wa Goma na wenye mko mbali. Mwezi huu barua zimekuja mingi juu ya kitu kimoja, zile foto na video zenye mashirika ya misaada yanatupiga hapa kwetu halafu yanazionyesha kule Ulaya na Marekani ili watu watoe pesa. Zote siwezi kuziweka, nimechukua nne, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu ju imenishika moyo kabisa.

*Yaya, habari ya kazi. Mi ni mama wa watoto wanne, naishi Majengo kwa dada yangu. Tulikimbia Masisi mwaka 2023 tukakaa kwenye kambi ya Bulengo. Siku moja walikuja pale na kamera, mtoto wangu wa tatu alikuwa analia ju ya homa na njaa, mi nilikuwa nimemshika mkono. Walinipa papiye nikaweka kidole, sikujua imeandikwa nini, ilikuwa Kifaransa. Sasa shemeji yangu mwenye anaishi Bruxelles ametuma kwa WhatsApp foto ya afishi kubwa kwenye stasio ya metro, ni mtoto wangu, wameandika eti ni yatima hana mtu. Mkono wangu unaonekana kidogo kwa pembeni, mi mwenyewe wamenikata. Naweza kuomba waitoe? Na nikiomba, hawatanitoa kwenye liste ya chakula? (Mama wa Majengo)*

Mama, pole kabisa. Nianze na lile la mwisho ju nafikiri njo linakunyima usingizi. Chakula cha msaada na foto ni vitu viwili mbalimbali. Hakuna shirika lenye ruhusa ya kukuambia ukikataa foto hupati maharage, na hakuna lenye ruhusa ya kukufuta kwenye liste ju umelalamika. Kama kuna animateri (mfanyakazi wa shirika) mwenye alikuambia hivyo, ao alikuonyesha tu kwa macho, hilo ni kosa lingine na uliandike kwenye barua ileile.

Sasa foto yenyewe. Ndiyo, unaweza kuomba waitoe. Ile afishi iko Ubelgiji, na kule tangu tarehe 25 mwezi wa tano 2018 kuna sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda habari za mtu, kwa Kifaransa wanaiita RGPD, na sura ya mtu ni moja ya hizo habari. Sheria haiulizi kama wewe ni Mbelgiji ao ni mtu wa Masisi, inauliza kama shirika lenye linatumia sura yako liko kule. Inasema ruhusa yenye mtu ametoa bila kuelewa si ruhusa, lazima wakueleze kwa maneno mepesi, kwa hiyo ile papiye ya Kifaransa na kidole chako haiwapi nguvu sawa wanavyofikiri. Inasema pia hata kama ulikubali vizuri, siku yoyote unaweza kurudisha neno lako, na kurudisha kusiwe kugumu kuliko kukubali kulivyokuwa. Na hapa Mama uombe mtu akusomee mara mbili: inasema habari yako ikiandikwa si ya kweli, una haki wairekebishe. Mtoto mwenye mama wamemwita yatima, yaani wewe wamekuzika uko mzima. Usikubali mtu akuambie ni kosa dogo la waandishi.

Mwambie shemeji arudi pale stasio apige foto ya afishi nzima, na zaidi zile herufi ndogondogo za chini, pale njo wanaandikaka jina la shirika na mara nyingine jina la mpiga foto. Halafu andikeni barua fupi: jina lako, kwamba wewe ni mama wa huyo mtoto, kambi, mwezi na mwaka, kwamba unaondoa ruhusa, kwamba yatima ni uongo na unataka usahihishwe, na kwamba unataka kujua hiyo foto wameiweka wapi kwingine na wamempa nani. Andika kwa Kiswahili chako, kijana mmoja wa hapo mtaani aigeuze kwa Kifaransa, uisinye, yaani utie sahihi, shemeji aitume kwa imeli ya makao makuu yao na wewe upeleke kopi kwa biro yao ya Goma kama iko. Wana mwezi mmoja wa kujibu. Wanaweza kuongeza miezi miwili kama mambo ni magumu, lakini lazima wakuambie ndani ya ule mwezi wa kwanza. Wakinyamaza, shemeji aende kwa ofisi ya Ubelgiji yenye inasimamia mambo haya, inaitwa Autorité de protection des données, iko hapohapo Bruxelles na kulalamika kwao hakulipishwi.

Nikuambie na upande mwingine. Makaratasi yenye yamekwisha kugawiwa hayatarudi yote, na watu wenye walituma ile foto kwa simu zao hakuna wa kuwafuata. Lakini afishi inaweza kushushwa, saiti inaweza kusafishwa, na ile akiba yao ya mafoto yenye wanachota kila mwaka inaweza kufutwa, hilo njo muhimu zaidi ju bila hivyo mwanako atarudi kwenye karatasi lingine akiwa na miaka kumi na tano. Kama ingekuwa foto ya mwandishi wa habari kwa gazeti kanuni zingekuwa tofauti kidogo, lakini afishi yenye inaomba pesa si habari. Kwetu Kongo pia sheria zipo, ile ya kulinda mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 na kodi ya numeriki (sheria ya mambo ya mtandao) ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 yenye ina sehemu ya habari za mtu, zitaje kwenye barua. Lakini kwa hali yetu ya sasa mlango wa Bruxelles njo unafunguka haraka.

Na ju ya ule mkono wenye walikata. Nimekaa nao kichwani tangu nisome barua yako. Mtu wa mbali akiona mtoto na mama yake, anaona familia yenye shida, anafikiri kuna wengine wako karibu nao. Akiona mtoto peke yake anajisikia kwamba isipokuwa yeye hakuna mwingine duniani, mkono unaingia mfukoni. Kwa hiyo wanamtoa mama, wanamtoa baba, wanamtoa shangazi mwenye alipika uji, wanatoa jirani wa Majengo mwenye alifungua nyumba yake watu kumi wakalala chini. Kila mtu wa Goma anajua nani anapokea wakimbizi mbele hata bashi (turubai) ya kwanza haijafika. Huyo haonekanaka kwenye afishi hata siku moja.

*Yaya, mi ni mwanafunzi wa UNIGOM, chuo kikuu cha Goma. Nani alianzisha hii tabia ya mtoto mwenye njaa akiwa peke yake? Rafiki zangu wanasema ilianza na Ethiopia 1984. (Mwanafunzi, Goma)*

Ni ya zamani zaidi, na ilipitia kwetu. Mwaka 1904 kule Baringa, Équateur, wakati Kongo ilikuwa mali ya mfalme wa Ubelgiji Léopold II, mwanaume mmoja jina lake Nsala alifika kwenye misheni ya Waprotestanti na mkono na mguu wa binti yake Boali, mwenye walinzi wa kampuni ya mpira ABIR walikuwa wamemuua. Alice Harris, mke wa misionari, akampiga foto ameketi kwenye baraza anaangalia kile kilibaki cha mtoto wake. Ile foto ilionyeshwa kwa taa zenye zinatupa picha ukutani kwenye mikutano Uingereza na Marekani, chama cha Congo Reform Association kilikuwa kimeanzishwa mwaka uleule kupigania jambo hilo, na 1908 Léopold akalazimika kuachia Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Foto ya uchungu kuliko hiyo mi sijui. Lakini angalia iko na nini: jina la baba, jina la mtoto, jina la kampuni, na kila mtu mwenye aliketi kwenye ile mikutano aliambiwa nani anakula faida. Hawakuombwa watume nguo, waliombwa wasimamishe uovu. Makosa yalikuwepo, mwenye alisimama mbele kusema alikuwa misionari, na Nsala hakuna mwenye alimweka kwenye meli aende kusema mwenyewe. Hata hivyo sababu ya mauti ilikuwa ndani ya foto.

Mtoto peke yake tunamwona wazi 1919, na yule mtoto alikuwa Mzungu. Vita vya kwanza vilikuwa vimeisha lakini Uingereza na wenzake walikuwa bado wanafungia Austria na Ujerumani njia za chakula, watoto wanakufa. Mama mmoja Mwingereza, Eglantyne Jebb, akagawa pale Trafalgar Square, London, karatasi zenye foto ya mtoto wa Austria mwenye njaa imemmaliza. Walimkamata wakampiga amande (faini) ya pauni 5. Mwaka uleule yeye na dada yake wakaanzisha Save the Children. Ilikuwa ujasiri mkubwa, ju wale walikuwa watoto wa adui, na alijua mtu anaweza kumchukia mwanajeshi wa adui lakini mtoto atamchukia kwa nini. Hapo njo mtoto bila wazazi, bila nchi, bila siasa alianza kufanya kazi ya kufungua mifuko, na mashirika yakaona inafanya kazi vizuri mno yakashindwa kuiacha.

Kisha Biafra, Nigeria, 1968, matumbo yenye yamevimba kwa kwashiorkor, ugonjwa wa njaa, kwenye televizio za Ulaya. Kisha ile ya rafiki zako, tarehe 23 mwezi wa kumi 1984 kwenye BBC, na mwenye alishika kamera alikuwa Mkenya wa Nairobi, Mohamed Amin. Tarehe 13 mwezi wa saba 1985 ikafuata Live Aid, konseti mbili kwa siku moja, London na Philadelphia. Watu wengi waliokolewa na ile pesa, sitaki kulipunguza hilo. Lakini wengi wenye walitoa mpaka leo wanaamini mvua tu ndiyo ilikosa, wakati vita vya serikali ya Mengistu na waasi wa Tigray na Eritrea vilikuwa sababu kubwa ya ile njaa. Kama unatafuta mada ya kazi yako ya kumaliza masomo, shika hapo: kati ya Nsala na Ethiopia, sababu ilipotelea wapi?

*Yaya, napigaka foto na video kwa ONG (shirika la misaada) moja hapa. Shefu wa komunikasio anarudisha kazi yangu, anasema watu wangu wanacheka sana, nitafute sura ya huzuni, mtoto bila shati. Nina familia ya kulisha. Na kweli pesa inakuja, mi mwenyewe nimeona mabido ya maji na mabashi yakifika kisha foto kutoka. Ninafanya vibaya? (Kameraman wa Katindo)*

Mdogo wangu, swali lako ni la kweli na sitakujibu sawa mtu mwenye hajawahi kupanga laini ya maji. Bido ni bido. Shefu wako hakubuni, hata wenye kusoma akili za watu wamepima. Mwaka 2007 Marekani walitoa utafiti, watu walipewa dola 5 wakaambiwa wanaweza kutoa kiasi kwa msaada. Wenye walionyeshwa msichana mmoja wa Mali jina Rokia, wa miaka 7, walitoa zaidi ya dola 2. Wenye walisomewa hesabu tu za mamilioni ya watu wenye njaa walitoa kama dola 1. Na wenye walipewa Rokia pamoja na hizo hesabu, walitoa kidogo kuliko wenye waliona Rokia peke yake. Moyo wa mtu unafunguka kwa mtu mmoja, milioni inaufunga.

Lakini usome vizuri pale. Rokia alikuwa na jina, sura na miaka. Hakuna mahali pale waliposema lazima avuliwe shati. Shefu wako anachanganya vitu viwili, mtu mmoja mwenye anajulikana, na mtu mmoja mwenye ameaibishwa. Cha kwanza kinaleta pesa na wewe unaweza kukifanya vizuri kuliko Mzungu yeyote ju unasikia Kiswahili na pengine Kihunde ao Kinande, unaweza kuketi na mama saa nzima akakuambia alikuwa anauza sambaza wapi, shamba lake la Masisi lilikuwa na nini, nani alimfukuza. Hiyo hadithi ina nguvu, na mtu wa Oslo ao Lyon mwenye ana mama yake ataielewa.

Halafu kuna deni lenye sisi watu wa Goma tunajua kuliko wengine. Mwezi wa saba 1994 karibu watu milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa siku chache tu, kolera na ugonjwa wa kuhara vikaua kama watu elfu 50 kwa mwezi mmoja hivi, maiti kando ya barabara, kamera zikajaa, mashirika zaidi ya mia moja na bendera zao na jile (vizibao) zao. Dunia ilitoa pesa. Foto zilionyesha wagonjwa tu na jiwe jeusi la volkano, kana kwamba ni balaa ya mbinguni. Hazikuonyesha kwamba ndani ya makambi ya Kibumba, Katale na Mugunga walikuwemo wale wenye waliongoza mauaji ya kimbari, na kwamba wao njo walishika liste za chakula. Tawi la Ufaransa la MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) liliondoka mwezi wa kumi na moja mwaka ule ju ya hilo. Yenye yalifuata kwenye Kivu yetu tangu 1996 unayajua, umezaliwa ndani yake. Sitasema foto njo zilileta vita, lakini foto bila sababu ilisaidia watu wa mbali walishe bila kuuliza, na sisi njo tulibaki na matokeo. Kwa hiyo ukiandika maelezo ya foto yako, andika kilichomfukuza yule mama. Shefu akikifuta, angalau ulikiandika.

Usiende kupiga siku ya kugawa, mtu mwenye anangojea jetoni ya kupokea msaada hawezi kusema hapana, hata akitabasamu. Nenda siku nyingine bila jile. Uliza kwa lugha yake, mwambie wazi foto itaenda Ulaya, itawekwa barabarani, ndugu zake wanaweza kuiona na maadui zake pia, halafu nyamaza uone anasema nini. Mwonyeshe kwenye ekra. Chuchumaa, usimpige kutoka juu. Mtoto asipigwe bila mzazi kuelewa, na mzazi abaki ndani ya foto. Msomee maelezo yenye utaandika. Ukirudi mpelekee foto moja ya karatasi, watu wetu wamekimbia mara ngapi wakiacha albamu zote nyuma, wengine hawana foto hata moja ya watoto wao.

Kwa mama ao msichana mwenye alibakwa, sura hapana, hata akikubali. Goma ni kijiji, tunatambuana kwa kitenge, kwa mgongo, kwa mlango wa nyumba. Piga mikono ikifanya kazi, ao acha kabisa kamera uandike tu. Hapa mi sina majadiliano.

Na kwa shefu, mchukulie kile wao wenyewe walikubali. Mashirika ya Ulaya yalipitisha kanuni za foto na ujumbe mwaka 1989, wakaziandika upya 2006: heshima, ukweli, ruhusa ya mwenye foto, mtu aseme mwenyewe. Muulize kwa upole kama shirika lenu limesinya. Mengi yamesinya, na mara nyingine makao makuu wanaziheshimu kuliko biro ya huku yenye inafikiri inawafurahisha. Mambo yanageuka kule pia. Wanafunzi wa Norway, chama chao SAIH, walifanya video 2012 ya Waafrika wanakusanya radiateri kuwatumia Wanorwe wenye kufa baridi, dunia nzima ikaona ujinga ulivyo ukigeuzwa upande. Na 2020 Comic Relief ya Uingereza ilitangaza haitatuma tena mastaa wake Afrika kwa filamu za kuomba pesa, itafanya na watengeneza filamu wa hukuhuku. Hiyo ni kazi yako inakuja, mdogo wangu. Kila safari mpelekee shefu mafoto mawili ya mtu mmoja, moja yenye anataka lakini yenye heshima, na moja yenye wewe unaamini. Watu wanazoea jicho lako pole pole.

Kama siku moja atakuambia mvue mtoto shati, kataa. Najua una familia. Yule mtoto pia ana familia.

*Yaya, kanisani kwetu Himbi tunapelekaka unga na sabuni kwa watoto wa kituo, kisha tunaweka foto kwa Facebook ili wengine pia wachange. Tunafanya sawa na wale Wazungu? (Kikundi cha vijana, Himbi)*

Ndiyo, na nyinyi hamna hata makao makuu ya kulaumu. Wale watoto wanasoma shule yenye wadogo zenu wanasoma, mwenzao ataleta simu darasani, «angalia, huyu alipewa sabuni». Nimeona hata wanasiasa wakishika mfuko wa unga pamoja na bibi kizee wote wawili hawauachi mpaka kamera imalize, bibi mikono inatetemeka. Wachangaji wenu wanataka kujua pesa ilifika, hiyo ni haki yao. Basi pigeni foto ya mifuko ikipakiwa kwenye chukudu (baiskeli ya mbao), ya risiti ya sokoni Virunga, ya daftari lenye mkurugenzi wa kituo amesinya, muandike kilo ngapi na franka ngapi. Na zile foto za zamani zenye sura za watoto zifuteni wiki hii, kisha mwambieni mkurugenzi kwamba mmezifuta.